Fikisha, Baiskeli Iliyofungwa kwa Kufuli

Baiskeli yangu ilikuwa na pembe. Ndivyo watu wa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi kule Malawi, walivyosema walipoiona mara ya kwanza: usukani umepinda kwenda chini kama pembe za kondoo dume, matairi membamba kama vidole, na kiti kidogo hata unajiuliza fundi wake alikuwa anafikiria makalio ya nani. Ilikuwa baiskeli ya mashindano. Mzungu mmoja wa Area 18, mtaa wa mjini, ambaye nilikuwa nikimfulia nguo, alipokuwa anafunga mizigo arudi kwao alinionyesha ile baiskeli imeegemea ukuta, imevaa utando wa buibui, akasema kama naitaka niichukue.

Kama naitaka! Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimeacha shule katikati, na kichwa changu kilikuwa kimejaa vitu ambavyo havikuwa na mahali pa kukaa. Niliisukuma hadi barabara kuu, nikaipandisha kwenye matola, yale magari ya mizigo yanayobeba na watu, nikakaa karibu nayo nimeishika pembe. Njia nzima nilikuwa nasikia umati ukinipigia makofi. Nilikuwa nimeshashinda mbio tatu kabla hatujafika kambini.

Shida ilikuwa moja tu. Haikuwa inaenda.

Ukikanyaga pedali, zinazunguka kama feni, na gurudumu limetulia linakutazama. Baiskeli za kawaida zina kidude kwenye meno ya gurudumu la nyuma ambacho sisi wa Bukavu tunakiita rulibre. Ndicho kinachokuruhusu kuacha kukanyaga na baiskeli ikaendelea yenyewe, tik-tik-tik, wewe umestarehe. Ya kwangu ililiwa na kutu ndani, ikawa haishiki mbele wala nyuma.

"Iko libre kabisa," jirani yetu alisema akijifuta machozi ya kucheka. "Kambi nzima, iyi njo ya kwanza kupata uhuru!"

Nilicheka naye. Ningefanya nini? Niliiegemeza nyuma ya nyumba, kila asubuhi nikawa naifuta vumbi na kuisalimia.

Sasa nieleze habari ya gauni, maana bila gauni baiskeli ile ingekuwa bado iko pale ukutani.

Mama yangu alikuwa fundi wa kushona Bukavu, fundi wa maharusi. Tulipotoka, wengine walibeba masufuria, yeye alibeba kichwa cha mashine ya kushonea mgongoni amekifunga kwa kitenge kama mtoto. Watu njiani walimuuliza mbona mtoto wake halii. Lakini tulipofika Dzaleka alikisukuma chini ya kitanda, na hakukigusa tena. Ukimuuliza, alikuwa na jibu moja.

"Mikono yangu ilibaki Bukavu. Niliiacha pale mezani, pembeni ya mukasi."

Alisema bila huzuni, kama mtu anayesema amesahau mwavuli. Mimi ndiye nilikuwa naumia. Nilikuwa nikimwona jioni anakaa mlangoni, vidole vyake vinakunja ncha ya kitenge, vinakunjua, vinakunja tena, pindo lisilo na sindano.

Halafu mama mmoja Mmalawi wa Area 36, mjini vilevile, ambaye tuliwahi kusali naye, alimtumia kifurushi. Ndani kulikuwa na satini nyeupe na kamba. Kamba tu, yenye mafundo: fundo la bega, fundo la kifua, fundo la kiuno, hadi chini. Vilikuwa vipimo vya mpwa wake, ambaye angeolewa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Mtu aliyeleta kifurushi alisema bibi harusi hana gauni lingine na hatakuwa nalo. Hili, au nguo ya kwendea sokoni.

Mama alikaa na ile kamba muda mrefu, anaipitisha vidoleni kama rozari.

"Iyi mutoto iko murefu," akasema. Akarudia fundo la kifua. "Na iko na haya. Ona, walipomupima alikuwa amevuta mabega ndani."

Hakuwahi kumwona yule msichana. Kisha akapiga magoti akaingiza mkono chini ya kitanda, na mimi nikatoka nje haraka, maana nilikuwa karibu kupiga kelele za furaha na nilijua akinisikia ataacha.

Alhamisi ya wiki ya harusi gauni lilikuwa tayari. Na Alhamisi hiyohiyo petroli ikaisha kwenye vituo. Matola zikalala. Barabara ikawa kimya hadi unasikia kuku wa ng'ambo. Mama alilikunja gauni, akaliweka kwenye mifuko miwili ya plastiki, akakaa kando yake.

"Isipofika, basi," akasema. "Mashine inarudi chini ya kitanda, na usinisumbue tena. Nitajua mikono ilibaki kweli."

Nilitoka nikazunguka nyuma ya nyumba nikaitazama baiskeli yenye pembe. Nayo ikanitazama.

Karibu na njia yetu kulikuwa na mzee wa Kindu, mkimbizi kama sisi, tuliyemwita Papa kama watu wote walivyomwita. Kule kwao alikuwa mfanyabiashara mwenye duka. Hapa alikuwa na meza: chumvi, sabuni, samaki wakavu. Na juu ya pakiti za chumvi, ili upepo usizichukue, aliweka kufuli la shaba ya njano, kubwa kama ngumi. Lilikuwa la duka lake la Kindu. Wageni walikuwa wakimuuliza, "Papa, kufuli ni bei gani?" na yeye akijibu, "Haiuzwe. Inangojea mulango."

Siku hiyo aliniona nasukuma baiskeli huku nalia na kucheka, akaniita.

"Mwanangu, leta iyo kondoo hapa."

Aliinua gurudumu la nyuma, akalizungusha, akasikiliza kama daktari.

"Rulibre imekufa."

"Najua, Papa. Na gauni ya Mama inatakiwa Area 36 kesho. Rulibre mupya tutatoa wapi?"

"Nani anataka mupya? Rulibre inaua bantu! Siye kule Kindu, kinga imebeba bidoni za mawese, unashuka mulima na rulibre? Mawese inafika chini mbele yako, njo we unafika juu ya mawese. Aah! Siye tulikuwa tunaifunga. Miguu ikizunguka, gurudumu inazunguka. Miguu ikisimama, gurudumu inasimama. Unashuka polepole, na heshima yako." Kwetu kinga ni baiskeli, na bidoni ni madumu.

Shule yangu ile kidogo ikanijia kichwani. Nilikuwa nimewahi kuona kitabuni picha ya waendesha baiskeli wa mbio za kuzunguka uwanjani. "Papa, iyo meno ya kufunga, Bafaransa banaita pinyon fiks!"

"Fikisha?"

"Fiks, Papa."

"Njo vile. Fikisha. Kinga ya kufikisha." Akatikisa kichwa, ameridhika. "Banaita vizuri."

Nilifungua mdomo nimsahihishe. Halafu nikaufunga, kwa sababu niliona kuwa yeye ndiye amepatia.

Tulivuka kijito kwenda kwa mhunzi wa kijiji jirani, mzee wa Kimalawi anayefua majembe. Papa hakujua Kichewa, lugha ya pale, zaidi ya "zikomo", asante, na mhunzi hakujua Kiswahili hata kidogo. Walizungumza kwa mikono, kwa sauti kubwa, kila mmoja akidhani mwenzake ana tatizo la masikio. Lakini chuma wote wawili walikijua. Mhunzi alifungua meno ya nyuma, akayaweka juu ya makaa, kutu na mafuta ya zamani yakaungua kwa moshi wa kutisha. Kisha akaonyesha kwa kidole kwamba anahitaji shaba ya kuyeyusha, iingie katikati ya meno ya ndani na ya nje, viwe kitu kimoja.

Shaba hatukuwa nayo. Nikamwona Papa anaingiza mkono mfukoni mwa kanzu. Alikuwa amekuja nalo.

"Papa, hapana. Iyo inangojea mulango."

"Nyamaza. Kufuli yenye haina mulango ni kitu gani? Ni jiwe yenye iko na tundu. Inataka kufunga, ifunge."

Mhunzi alilipasua kwa patasi na nyundo. Papa aligeuka akatazama mahindi ya watu hadi nyundo iliponyamaza. Shaba ilipoiva ilitiririka ndani ya meno polepole, kama asali kwenye mkate, na nikasahau huzuni yote maana ilikuwa nzuri mno. Kilipopoa, mhunzi alikishika kwa koleo akajaribu kukizungusha. Hakikuzunguka. Alicheka, Papa akacheka, wakapeana mikono kama mawaziri.

Njiani kurudi Papa alitoa kitu kidogo mfukoni akanionyesha. Ufunguo.

"Uyu nabakia nawo. Ukikimbia na kinga, mi nafungua."

Tulipunguza mnyororo, tukaukaza. Kile kidude cha kubadilishia mwendo tulikitoa, tukakitundika ukutani kama picha. Ilibaki breki moja, ya mbele. Nikapanda, kwenye mteremko wa kwenda pampu ya maji, mbele ya watu wote waliokuwa na ndoo na wasiokuwa na ndoo.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Gurudumu lilishika! Kila nilipokanyaga, lilijibu. Kisha mteremko ukaanza, nami nikafanya anachofanya kila mtu tangu baiskeli zianze kuwepo: nikaiacha miguu ipumzike.

Fikisha haikujua mambo ya kupumzika. Pedali ziliendelea, zikaninyanyua juu ya kiti kama mama anayemwinua mtoto kwa makwapa, zikaniweka katikati ya viazi vitamu vya mtu.

"Kanyaga!" Papa alikuwa anapiga kelele toka juu. "Kanyaga tu! Usiache!"

"Iko na pembe, sasa inapiga na mateke!" jirani yetu akasema. Akakaa chini kabisa, hana nguvu kwa kicheko.

Nilianguka tena, na tena. Kitenge changu kikaingia kwenye mnyororo kikatafunwa pindo. Lakini kabla ya jua kutua kitu fulani kilinijia miguuni. Niligundua kuwa baiskeli ile haikubebi, inakwenda nawe, mmeshikana mikono. Nikipunguza, inapunguza. Nikizuia kwa miguu, inasimama. Nilijaribu hata kukanyaga kinyumenyume, ikarudi nyuma! Watoto walikimbia wakipiga mayowe. Mimi pia nilipiga mayowe, nikiwa juu yake.

Mama alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, mikono kiunoni. Nilipofika mbele yake alitazama kitenge kilichotafunwa, akakivuta kiunoni mwangu akaingia nacho ndani. Nikasikia mashine. Alitoka nacho kikiwa sketi yenye miguu, iliyobana kwenye vifundo vya miguu. Siku hizo mwanamke wa suruali bado aligeuza vichwa vya watu Malawi, na mwanamke wa sketi yenye miguu juu ya kondoo wa chuma, sijui.

"Kama gauni yangu inapanda iyo kitu," akasema, "mwenye kuipeleka avae vizuri."

Ijumaa kulipopambazuka alinifunga gauni mgongoni kwa kitenge, kama mtoto. Alikaza fundo kifuani kwangu, akalifungua, akalikaza upya.

"Usisimame simame njiani, unasikia? Bantu ya hapa banapenda salamu."

Na hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Malawi huwezi kumpita mtu mzima kama unampita mti. Anakwambia "Moni", unajibu. Anauliza "Muli bwanji?", unasema uko mzima, nawe unamuuliza yeye, naye anajibu kuwa yuko mzima pia, kisha mnashukuriana. Hayo yote yanataka mtu atulie. Na bila magari barabara ilikuwa imejaa wenye miguu, akina bibi na kuni zao, akina baba na majembe.

Bibi wa kwanza alinisalimu nikiwa mbio. Nilimjibu, lakini alipofika kwenye "mimi pia mzima" nilikuwa mbali, nikasikia sauti yake nyuma imebaki na shukrani isiyo na mwenyewe. Nilijisikia mwizi. Nikishuka kila mara sitafika. Nisipojibu, nimebeba gauni la harusi kwa tabia mbaya, na hiyo ni nuksi.

Kwa bibi wa pili nilizuia kwa miguu. Fikisha ikasimama. Nikaisukuma kidogo mbele, nikairudisha kidogo nyuma, mbele, nyuma, nayo ikabaki pale pale, imesimama bila mimi kushuka, pembe zinayumba huku na huku.

"Ndili bwino, agogo, kaya inu?" nikasema, nikiyumba: niko mzima, bibi, sijui wewe?

Bibi alitua kuni chini. Alinitazama miguu, akatazama pembe, akafunika mdomo kwa kiganja. "Akuvina!" akamwita mwenzake. Anacheza! Njinga inacheza!

Tangu hapo sikushuka kwa mtu. Nilisalimia kila mtu hadi mwisho wa salamu yake, nikicheza mbele yake. Nadhani habari ilikuwa inanitangulia, maana mbele ya Lumbadzi niliwakuta watu wamesimama kando wakingoja zamu yao ya kusalimiwa. Na waliita njinga, na sisi tunaita kinga, na nikawaza kwamba kumbe hatukuja mbali sana.

Karibu na Kanengo harufu ya tumbaku ilinijaa puani, na mawingu yakaanza kujikusanya. Nikakanyaga. Kwenye mteremko mrefu waya wa breki ukakatika, pang! Ningekuwa na rulibre ningekuwa naandika haya toka mbinguni. Lakini nilikaza mapaja, nikashuka kama Papa alivyosema, na heshima yangu, nikimwambia kufuli: funga, funga, babangu, funga. Tone la kwanza la mvua lilinipiga mkononi pale Area 18, nikapita karibu na ule ukuta wa mzungu bila kugeuka. Lililobaki lilikuwa mji wenyewe, soko, daraja, na miguu isiyojua tena ni ya nani.

Niliingia Area 36 mvua ikiwa nyuma yangu kama mbwa. Ua wa bibi harusi ulikuwa umejaa akina mama, masufuria ya nsima, ugali wa kwao, moshi. Nilitaka kusimama. Naapa nilitaka. Lakini miguu ilikuwa imelewa, ilikataa kuzuia. Basi nikawazunguka. Nililizunguka sufuria kubwa, nikawazunguka akina mama, nikarudi kwenye sufuria, mgongoni gauni, mdomoni "Pepani! Pepani!", samahani, samahani. Mmoja akapiga kigelegele. Wengine wakaitikia, wakaanza kupiga makofi kwa mpangilio, wakanifungulia duara pana, na kila nilipopita waliinama kidogo. Miguu ilipochoka kabisa nikaangukia mikononi mwa shangazi mtu, yule aliyetuma satini.

"Ndi mwambo wanu?" akaniuliza, macho yanang'aa. Ndiyo mila yenu?

Sikuwa na pumzi. Nilitikisa kichwa kwamba ndiyo.

Mifuko ilifunguliwa. Satini ilikuwa kavu. Wakamleta bibi harusi, na nilimjua kabla hajasimama vizuri: mrefu, mabega ameyavuta ndani, kama fundo la kamba lilivyosema. Walimvika. Kiunoni lilikaa, chini lilikaa, lakini kifuani lilikuwa limelegea. Shangazi alivuta kitambaa kwa vidole viwili. Nilihisi mashine ikirudi chini ya kitanda.

Kisha mtu alimletea kioo. Yule msichana alijitazama. Akajitazama tena, kama anayehakikisha kwamba ni yeye. Na polepole, bila kuambiwa, akanyoosha mabega.

Gauni likajaa.

Mama alikuwa amemwachia nafasi.

Nililia pale, nikaambiwa na hiyo lazima ni mila ya kwetu.

Nilirudi Dzaleka baada ya harusi, na waya mpya wa breki, na mahindi mengi mno mgongoni mahali pa gauni. Ndani ya mahindi kulikuwa na kamba za vipimo. Akina mama wa ule ua walizifunga mafundo wenyewe kwa wenyewe, na moja ilitoka mtaa wa Chinsapo, kwa mgeni wa harusi. Huyo aliagiza kwamba gauni lake lisiletwe kwenye gari. Liletwe kwa mzunguko, tafadhali, kama la mwenzake.

Nilipomweleza Mama habari ya mzunguko alicheka hadi akashika ukuta. Sikuwa nimeusikia mcheko ule tangu Bukavu, nikadhani nao tuliuacha kule. Akataka kuona. Akatoa mashine nje, akakaa nayo uani, nami nikawazunguka wote wawili, na jirani anapiga makofi, na Papa akaacha meza yake akaja na ufunguo, akauchomeka hewani kila nilipompita, akaugeuza.

"Nafungua! Umesikia? Nimefungua!"

Haikufunguka. Niliendelea kukanyaga.

Mama hakuwa anatazama tena. Alikuwa amefumba macho, ile kamba ya Chinsapo inapita vidoleni mwake, fundo baada ya fundo.

"Uyu," akasema, "iko munene, na iko mucheshi. Sikia pa kiuno: walifunga, akacheka, wakafunga tena."